Mke Wangu Aliisikia Harufu Kabla Yangu

Ndugu msomaji, leo nataka kukueleza habari ya jiko letu la gesi, na jinsi mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu, nilivyokaribia kuiteketeza nyumba yangu kwa ukaidi. Siandiki ili nikutishe urudie mafiga. La, hasha. Jiko la gesi ni chombo kizuri, nasi twalitumia hata leo. Lakini vijiji vingi vya ufuoni sasa vina mitungi hii. Serikali nayo yahimiza: mwezi Mei 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, na shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanaitumia. Ni vema. Walakini watu wengi wameupokea mtungi kama walivyoipokea taa ya chemli: washa, tumia, zima. Jiko likiugua hawajui wafanye nini, wala hawajui ugonjwa gani hutibiwa na mwenye nyumba na ugonjwa gani si wa kuguswa. Mimi nilidhani najua.

Sisi tunakaa Busisi, upande wa Sengerema, kwenye ghuba ya Mwanza. Kwa miaka mingi mtu aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita kwa njia hii alikuwa hana budi kungoja kivuko pale Kigongo, avuke maji, ashukie kwetu. Mke wangu alikuwa na karai lake karibu na gati. Alikaanga sato, alichemsha chai, na abiria mwenye njaa hakuwa na haja ya kuchagua sana. Kisha likajengwa daraja, lenye urefu wa kilometa 3, likafunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Nalisifu daraja lile, maana mgonjwa sasa hangoji zamu ya kivuko usiku. Lakini magari yakaanza kupita juu moja kwa moja, na karai la mke wangu likabaki bila wateja.

Akakaa siku chache akiwaza, kisha akaniambia, “Baba watoto, habari ya samaki wa gatini imekwisha. Nataka kuoka skonzi na keki, nipeleke shuleni na mnadani.” Basi tukakusanya akiba yetu, tukaenda Mwanza, tukanunua jiko la mtumba kutoka Ulaya, la pleti nne, lenye oveni chini. Muuzaji alisema ni zima kabisa. Tukanunua na mtungi wa kilo 15, tukarudi kwa fahari kubwa, hata majirani wakaja kulitazama.

Siku ya kwanza tu likatuaibisha. Tulipoliwasha ukatoka moto wa njano, mrefu, wenye kucheza-cheza kama wa karatasi, ukailamba sufuria mpaka kwenye masikio yake. Baada ya birika moja la chai sufuria ilikuwa na masizi kuliko iliyokaa juu ya kuni.

Hapa yafaa nikueleze kidogo jinsi jiko lenyewe lifanyavyo kazi, maana ukilijua hilo utayajua magonjwa yake mengi. Ndani ya mtungi gesi imeshindiliwa mpaka ikawa maji. Ukiutikisa mtungi waisikia ikicheza. Ukifungua koki hutoka mvuke, unapita katika regulata, yaani kile kifungo kikaacho mdomoni mwa mtungi kupunguza nguvu yake, kisha unapita katika mpira mpaka kwenye jiko. Huko hutoka kwa kasi katika kitundu kidogo sana cha shaba, mafundi hukiita nozeli. Ile kasi yavuta hewa kutoka pembeni, gesi na hewa vikachanganyika katika bomba fupi, ndipo mchanganyiko huo ukawaka katika matundu ya pleti. Mjerumani mmoja, Robert Bunsen, ndiye aliyewafahamisha watu wengi jambo hili katika chumba chake cha kazi mjini Heidelberg mwaka 1855: ukichanganya gesi na hewa kabla ya kuiwasha, moto huwa wa buluu, mkali, usio na masizi. Kwa hiyo moto wa buluu maana yake gesi imepata hewa ya kuitosha. Moto wa njano maana yake ina njaa ya hewa. Na moto wenye njaa hautii masizi tu. Hutoa pia kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, ile ile ya jiko la mkaa ambayo huua watu waliolala wamefunga madirisha.

Mimi kazi yangu tangu ujana ni kutengeneza injini za mitumbwi. Kabureta nazijua kama vidole vyangu. Basi nikasema moyoni, nozeli hii ni sawa na jeti ya kabureta, bila shaka imeziba. Nikachukua sindano ya karabai, ile waliyokuwa wakizibulia wavuvi wa dagaa, nikachokonoa nozeli zote nne kwa nguvu. Nilipowasha tena moto ukazidi kuwa wa njano, na urefu ukazidi. Mke wangu akatazama, akaenda kupika nje kwenye kuni. Hakusema neno.

Baada ya wiki nzima nikakubali kumwita fundi kutoka mjini. Kijana yule hakugusa kitu chochote kwanza. Alilivuta jiko, akatazama nyuma yake, akanionyesha kibati chenye maandishi. “Mzee, soma hapa. Hili limetengenezwa kwa gesi asilia, ya mabomba.” Ndipo nikajua kumbe gesi si moja. Ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ambayo leo yapelekwa Dar es Salaam kwa mabomba, ni gesi nyepesi kuliko hewa. Hii ya mitungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa, nayo kwa kipimo kile kile ina joto zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo jiko la gesi asilia lina matundu makubwa, na jiko la mitungi lataka matundu madogo. Mimi badala ya kuyapunguza nikayapanua kwa sindano! Fundi akafungua nozeli zote, pamoja na ile ya oveni, akatia nyingine za gesi ya mitungi, akarekebisha na vishikio ili moto mdogo usizimike. Nikaona moto wa buluu, mfupi, uliotulia. Basi wewe unayetaka kununua jiko la mtumba, kabla hujatoa fedha soma kibati cha nyuma, na kama husomi lugha yake mwite anayesoma.

Yule kijana alinifundisha na jambo jingine. Nozeli ikiziba kweli haichokonolewi kwa chuma. Hufunguliwa, ikapulizwa kwa nyuma, na ikishindikana yapitishwa uzi mwembamba wa nailoni, ule wa nyavu, kwa kuwa ni laini kuliko shaba na hauwezi kuipanua. Na moto ukiwa wa njano katika jiko lililokuwa zima, mara nyingi si nozeli. Ni uchafu wa pleti, uji uliofurika, mafuta, au wadudu. Sisi wa ufuoni twawajua wale wadudu wa ziwani wapaao kwa makundi kama moshi. Wakivutwa na taa usiku huingia kila mahali, na buibui huwafuata. Kwetu nimekuta utando wa buibui umejaa ndani ya lile bomba fupi la hewa, na gesi ikakosa pa kupumulia. Dawa yake ni rahisi. Jiko likiwa limepoa na koki ya mtungi imefungwa, toa vifuniko vya pleti, vioshe kwa maji ya moto na sabuni, sugua matundu kwa mswaki wa zamani, safisha bomba kwa brashi nyembamba, kisha anika juani mpaka vikauke kabisa. Ukivirudisha vibichi moto utatema-tema na kuzimika. Na kila kifuniko kikae katika pleti yake sawasawa. Kikikaa upande, moto utawaka upande.

Basi mambo yakanyoka. Skonzi zikaoka vizuri, watoto wa shule wakazizoea, na mke wangu akaanza kurudisha akiba. Nami nikajisifu kwa majirani kana kwamba nozeli nilizibadilisha mimi.

Miezi michache ikapita. Asubuhi moja akaniambia, “Baba watoto, jikoni kunanuka gesi.” Nikaingia, nikasimama katikati ya chumba, nikavuta pumzi. Sikusikia kitu. Nikamwambia ni mayai viza ya keki zake. Kesho yake akaniambia tena. Nikasimama pale pale, nikavuta pumzi, hakuna. Mjukuu wetu, mtoto wa miaka minne, naye akasema, “Babu, kunanuka.” Nikamcheka.

Sasa angalia ujinga wangu. Nimekwisha kukuambia kwamba gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Fundi alinieleza hivyo kwa kinywa chake, nami niliitikia. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani. Hushuka, ikatambaa sakafuni kama maji, ikajaa katika pembe na mashimo. Mke wangu alikuwa akiisikia kwa kuwa kila asubuhi huinama akafagia. Mtoto aliisikia kwa kuwa kimo chake ni kile cha meza. Mimi nilisimama wima na pua yangu juu ya hatari. Tena pua yenyewe ni ya mtu aliyevuta petroli miaka arobaini. Tena pua ya mtu yeyote ikikaa katika harufu huizoea na kuacha kuisikia. Kwa hiyo katika nyumba ile mimi nilikuwa shahidi asiyefaa kuliko wote, na mimi ndiye niliyekuwa hakimu.

Na harufu yenyewe si ya bure. Gesi kwa asili haina harufu ya kutosha kumwamsha mtu, basi viwandani hutiwa dawa kidogo yenye kunuka kama kitu kilichooza. Watu walijifunza kwa machozi. Tarehe 18 Machi 1937, katika kijiji cha New London, jimbo la Texas, huko Marekani, gesi asilia isiyonuka ilivuja chini ya sakafu ya shule bila mtu kujua. Cheche moja ikatosha. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo Texas ikatunga sheria kwamba gesi itiwe harufu, na nchi nyingine nazo zikafuata. Mimi nilipewa onyo hilo bure, nyumbani kwangu, kwa kinywa cha mke wangu, nikalikataa.

Mwishowe, ili nyumba itulie, nilichunguza mpira nyuma ya jiko. Niliona umekauka pale ulipoingia kwenye mkia wa jiko, maana niliupitisha nyuma ya oveni penye joto. Nikachukua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikaufunga kwa kuuzungusha kama tunavyofunga bomba la injini. Nikasema yamekwisha. Lakini mpira wa baiskeli hauzuii gesi hii. Hata mpira wa maji hauzuii. Gesi hutaka mpira wake maalumu. Jioni mke wangu, akiwa ameinama kutoa trei ya skonzi zilizopoa, akasema, “Bado inanuka.” Nikakasirika. Nikasema, “Basi nitakuonyesha kwamba hapavuji.” Nikachukua kiberiti, nikainama nyuma ya jiko, nikawasha.

Sikusikia mshindo mkubwa. Nilisikia kama mtu aliyekung'uta shuka, na moto wa buluu ukakimbia sakafuni mpaka mlangoni, ukarudi. Kanga ya mke wangu ikashika. Nyuma ya jiko mpira ukabaki unawaka kama taa ya mafundi wa kuchomelea. Mimi nilisimama kama nguzo. Yeye ndiye aliyeivua kanga akaitupa nje, na yeye ndiye aliyerudi akapitisha mkono kando ya moto akafunga koki ya mtungi. Moto ukafa palepale. Mjukuu alikuwa ametumwa chumvi kwa jirani. Namshukuru Mungu kwa ile chumvi.

Aliungua kigasha cha mkono wa kulia na muundi. Majirani wakaja mbio kwa huruma, mmoja na dawa ya meno, mwingine na yai, wakampaka. Muuguzi zahanati alipoona alisikitika. Alilazimika kuviosha vyote, na mke wangu aliuma meno. Akatuambia, nami nakuambia wewe: mtu akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi yenye kupita, kwa dakika 20, mara moja. Vua pete na bangili kabla hajavimba. Kisha funika kwa kitambaa safi, umpeleke. Si dawa ya meno, si yai, si asali, si mafuta, si unga. Muuguzi alimwuliza, “Ilikuwaje, mama?” Mke wangu akajibu, “Gesi ilivuja.” Hakusema zaidi. Njiani kurudi, nikiwa nimemshika mkono ule mzima, ndipo aliponiambia, “Nilikuambia siku kumi na mbili.” Alikuwa amezihesabu.

Sasa nisikilize vizuri katika hili, hata kama mengine utayasahau. Kuvuja kwa gesi hutafutwa kwa sabuni, hakutafutwi kwa moto. Koroga sabuni ya unga katika maji mpaka yatoe povu. Funga vishikio vyote vya jiko, kisha fungua koki ya mtungi ili gesi ijae katika mpira. Paka povu mdomoni mwa mtungi, kuzunguka regulata, katika mpira wote tangu mwanzo hata mwisho, kwenye vibano, na kwenye mkia wa jiko. Mahali panapovuja povu litavimba mapovu yanayokua. Ukiyaona, funga koki, usilitumie jiko mpaka pametengenezwa. Nasi hufanya hivyo kila tubadilishapo mtungi. Ni kazi fupi kuliko kuchemsha chai.

Nyumba ikisha kunuka kabisa, usitafute lolote kwanza. Usiwashe kiberiti wala taa ya umeme, tena usiizime kama inawaka, maana swichi hutoa cheche. Simu nayo usiichezee humo. Funga koki, fungua milango na madirisha, watoe watoto nje, ungoje mpaka harufu iishe. Na kumbuka nyumba zetu nyingi zina kizingiti. Kizingiti kinachozuia maji ya mvua yasiingie ndicho kinachozuia gesi isitoke. Basi fungua mlango wa nyuma na wa mbele upepo upite chini. Kama moto umekwisha kushika na koki haifikiki, wacha jiko, wacha skonzi, toka na watu wako, upige 114, namba ya zimamoto. Sikushauri kuufanya ushujaa wa mke wangu. Yeye mwenyewe hakushauri.

Mpira mpya tuliununua, wa gesi hasa, wenye tarehe yake iliyopigwa chapa, tukaupitisha mbali na oveni. Mtungi tuliutoa nje ya ukuta, kivulini, umesimama wima, na mpira ukaingia kwa tundu lenye bomba ili panya wasiutafune. Panya, ndugu yangu, huupenda mpira ule sana.

Wenye mtungi mdogo wa kilo 6, ambao kichwa cha jiko hufungwa juu yake kwa kuzungusha, ugonjwa wenu mkubwa ni ringi ndogo ya mpira mdomoni. Kila upokeapo mtungi mwingine chungulia. Kama ringi haipo, au imepasuka, au imelegea, urudishe palepale dukani. Usitie ringi ya bomba la maji. Na kaza kwa mkono, usikaze kwa spana, maana spana huikata ringi.

Moto ukififia pole pole wakati pleti zote ni safi, huenda gesi imekwisha tu. Usiulaze mtungi wala kuupindua ili kukamua iliyobaki. Maji ya gesi yataingia katika mpira, na tone moja la maji yale hugeuka mvuke mwingi zaidi ya mara 200. Wala usiupashe moto. Ukitaka kujua kilichobaki, pima. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa juu ya chuma chake, na mizani ya samaki ipo kila mwalo. Mathalani chapa yasema kilo 15, na mizani yasema kilo 19, basi una kilo 4 za kupikia. Hata dukani yafaa upime kabla hujalipa. Haidhuru mwenye duka akinuna.

Kiwashio kisipotoa cheche, mara nyingi kimelowa maji ya kuoshea au kimepakwa mafuta. Kikaushe, ungoje. Ukitumia kiberiti, washa njiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Wengi hufungua gesi kisha wakaanza kutafuta kiberiti mfukoni. Katika oveni jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu ni sanduku. Fungua mlango wake kabla ya kuwasha, na kama haikushika, funga gesi, uache wazi dakika tano, ndipo ujaribu tena. Oveni nyingi zina kijiti kidogo cha chuma kikaacho ndani ya moto. Kikipata joto hushikilia gesi iwe wazi, na moto ukizimika hufunga gesi yenyewe. Basi ukiwasha, endelea kubonyeza kishikio sekunde kumi au kumi na tano, ndipo uachie. Kama moto wafa kila uachiapo, futa kijiti hicho masizi kwa kitambaa. Kikiwa kimekufa, tafuta fundi. Kukifunga kwa waya ili kisizuie, kama nilivyoona mahali fulani, ni kumfukuza mlinzi.

Regulata usiifungue hata kidogo. Mimi mwenye kabureta zangu nakuambia. Ikinuka, ikivuma, au ikipitisha moto mkali kuliko kawaida, nunua nyingine. Koki ya mtungi ikivuja ni mali ya wenye mtungi: utoe uwanjani, mbali na moto, uwaite wenyewe wauchukue.

Mkono wa mke wangu umepona, lakini ngozi imebaki na kovu la kung'aa kama kipande cha ramani. Akikanda unga laonekana. Kazi ya jiko sasa ni yake, nami sina neno. Kuna chupa ya maji ya sabuni dirishani, na hakuna wa kuigusa ila yeye.

Juzi jirani yetu mmoja alileta mtungi wake mdogo mgongoni mwa pikipiki, akaniita mimi, kwa kuwa ndiye fundi ninayejulikana. “Mzee, nyumbani wanasema linanuka, lakini mimi silisikii.” Kabla sijafungua kinywa mke wangu alikuwa amekwisha kutoka jikoni na chupa yake. Akamwambia ausimamishe mtungi chini, ajitenge na pikipiki yenye moto. Akainama, akamwagia povu shingoni mwa mtungi, akatazama. Mapovu yakaanza kuvimba, madogo, moja moja. Akanyoosha mkono bila kugeuka, akaniambia, “Baba watoto, niletee kitambaa.” Nikaenda kukileta.